Anataka asilimia 30 akanikusanyie madeni ya dukani, nimpe daftari?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mafinga, natoa mali kauli kwa mafundi, wakulima na watu ninaowafahamu. Juzi nimejumlisha daftari nimekuta nadai 18,400,000 kwa watu 27. Mkubwa wao ni mkandarasi mmoja, 6,200,000, ni miezi nane sasa. Kuna shule ya serikali 2,900,000, kuna mwenye duka wa Igowole 1,850,000 nasikia kahamia Tunduma, waliobaki 24 ni wa laki mbili, laki tatu na kitu. Sasa kaja mtu anasema kampuni yao inakusanya madeni, anataka asilimia 30 ya kila kitakachopatikana, nitangulize 400,000 ya kufungua faili, na wateja walipie kwenye lipa namba yake ili hesabu zisichanganyike. Nimechoka kupiga simu zisizopokelewa. Nimpe?

JIBU: Dada yangu pole sana, na nianze na jibu lenyewe ndo maelezo yafuate: huyo usimpe. Ila wazo la kutafuta mtu wa nje akusaidie sio baya, kwa mdaiwa mmoja au wawili kwenye hilo daftari lako ningekushauri kabisa ufanye hivyo, tatizo ni masharti aliyokuja nayo na pia kwamba anataka daftari zima.

Nimefuatilia madeni ya wauza pembejeo na wauza vifaa vya ujenzi huku nyanda za juu miaka 16 sasa, mingi nikiwa Uyole, na nilichokiona ni kwamba mkusanyaji wa nje anafaa kwa mdaiwa wa aina moja: yule mwenye uwezo wa kulipa ila hajaona sababu ya kukulipa wewe kabla ya wengine. Asiyenacho hata umpelekee watu kumi hatoi, na ambaye malipo yake yamekwama kwenye makaratasi anahitaji makaratasi. Sasa tulipitie daftari lako kwa macho hayo.

Wale 24 kwanza. Jumla yao ni 7,450,000, yaani wastani wa laki tatu na kitu kila mmoja. Hao usimpe mtu yeyote wa nje, kwa sababu hakuna mkusanyaji wa maana atakayepanda bodaboda mpaka kijijini mara mbili tatu kwa kamisheni ya elfu tisini, atapiga simu kama ulizopiga wewe, atakula wale watano rahisi ambao wangelipa hata bila yeye, wengine atakurudishia. Na wengi wa hao wanategemea shamba. Mtu anayesubiri mahindi ukimfuata mwezi wa pili unamdhalilisha bure, hela hana, lakini mwezi wa saba na wa nane akishauza anazo, na kama anadaiwa sehemu tatu atamlipa aliyemkumbusha vizuri na mapema. Kwahiyo wapange kwa chanzo cha hela yao: wa mahindi, wa mbao, wa mshahara, fundi anayelipwa site ikiisha. Kila mmoja mpe tarehe inayoendana na hela yake, muandikishane, asaini. Kama una kijana dukani anayejua kuongea na watu, mpe kazi hiyo mchana mmoja kwa wiki na umwongezee kitu kwa kila anayelipa, utatumia kidogo sana kuliko asilimia 30 na wateja wako watabaki wateja.

Shule ya serikali nayo usimpe mkusanyaji, atapoteza muda wake na wako. Swali langu kwako ni moja, una LPO, ile karatasi ya shule ya kuagiza mzigo? Kama una LPO, delivari noti iliyosainiwa na kugongwa muhuri, na invoisi, andika barua kwa mkuu wa shule nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambatanisha nakala zote, peleka mwenyewe masjala wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Deni lisiloonekana kwenye hesabu zao halilipwi hata mkuu wa shule awe mtu mwema vipi. Na kama huko mbele itabidi kushtaki, ujue huwezi kuamka tu ukafungua kesi, kuishtaki serikali ikiwemo halmashauri kunataka notisi ya siku 90 kwanza, hapo ndo utafute wakili. Kama ulitoa mzigo kwa neno la mwalimu tu bila LPO, fanya hivyo hivyo ila haraka, kabla hajahamishwa.

Wa Tunduma hapa ndo mtu wa nje anaanza kuwa na maana. Kutoka Mafinga mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 300, nauli, kulala, siku mbili duka limefungwa, na hujui hata anakaa mtaa gani. Mtu anayeishi kule na anayejua kutafuta watu anaweza kumpata kwa wiki. Kwa deni kama hili mimi nakubali kamisheni kubwa, hata hiyo 30, kwa sababu bila yeye nina sifuri. Ila kamisheni ilipwe kwenye hela iliyoingia tu.

Sasa mkandarasi. Huyu ndo moyo wa jambo, ni theluthi moja ya madeni yako yote. Umesema miezi nane. Bado anajenga? Kama bado anajenga ina maana anapata saruji na nondo mahali pengine, tena huenda kwa hela taslimu, kwahiyo uwezo anao, wewe umewekwa nyuma ya foleni. Huyu ndo wa kupelekewa mtu wa nje, na mtu wa nje wa kwanza ningempa wakili kabla ya kampuni ya kukusanya madeni. Barua ya madai ya wakili inaandikwa kwa ada ya mara moja mnayokubaliana, haihitaji asilimia, na mkandarasi anayetaka tenda hapendi kesi. Nimeona madeni ya mwaka mzima yakilipwa ndani ya siku kumi za barua ile, mengine nusu nusu lakini yakaanza kutembea.

Na usiogope mahakama kama wengi wanavyoogopa. Milioni sita na laki mbili ni ndani kabisa ya uwezo wa Mahakama ya Mwanzo, kwa madai ya mkataba kama haya inasikiliza mpaka milioni 30, kesi ni kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili ukiwa na daftari, delivari noti na meseji zako. Meseji za wasapu na za kawaida zinakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu, kwahiyo ile aliyokuandikia "dada nivumilie mwezi huu nalipa" usiifute, hiyo ni dhahabu. Simu yenyewe pia itunze, usiuze wala usiibadilishe ukafuta kila kitu. Ukishinda na bado halipi unaomba kukaza hukumu, hapo ndo anakuja dalali wa mahakama kukamata mali, na hata yeye kuna vitu hagusi, nguo, vyombo vya kupikia, vifaa vya kazi vya fundi.

Hapa nisimame kidogo maana watu wanachanganya sana. Dalali wa mahakama anaingia kazini akiwa na amri ya mahakama mkononi. Mkusanyaji wa madeni hana amri yoyote, ana mdomo na miguu tu, haruhusiwi kubeba jenereta ya mtu wala kufunga mlango wa duka lake wala kushikilia pikipiki. Akifanya hivyo kwa jina lako wewe ndo utakayetafutwa, kwa sababu kisheria yeye ni wakala wako, na anayoyafanya wakala ndani ya kazi uliyomtuma yanamrudia aliyemtuma. Hivyo hivyo yule anayekwambia "mimi nina watu polisi, tunamlaza ndani usiku mmoja analipa." Mali kauli ambayo haijalipwa ni madai, sio kosa la jinai, labda kama mtu alikutapeli tangu mwanzo kwa jina la uongo. Ukimweka mtu ndani kwa deni la kawaida unaweza kujikuta wewe unadaiwa fidia kubwa kuliko deni lenyewe.

Nirudi kwenye masharti ya huyo mgeni wako. Lile la lipa namba yake ndo lililonifanya niandike jibu refu hivi, maana limeniumiza mwenyewe. Mwaka 2014 nilikuwa na wadaiwa tisa wa mbolea, nikampa mtu mmoja barua ya utambulisho yenye saini na muhuri wa duka, akazunguka Igurusi na Chimala akakusanya 3,700,000, akapotea. Nilipowafuata wale wakulima wakanionyesha risiti alizowaandikia na barua yangu mimi mwenyewe. Walikuwa sahihi. Mtu akimlipa wakala uliyemtambulisha wewe, amekulipa wewe, deni limeisha, hasara ni yako, mmalizane na wakala wako. Nilifuta yale madeni yote tisa kwenye daftari nikiwa nimesimama kwenye duka la mkulima mmoja pale Igurusi, mke wake ananiangalia, na ile aibu ya kumtuhumu mtu aliyekwisha kulipa sijaisahau. Kwahiyo sharti la kwanza la mtu yeyote utakayempa kazi: hela inaingia kwenye lipa namba yako au akaunti yako ya benki, risiti unatoa wewe, halafu wewe ndo unamlipa kamisheni yake, tena akupe risiti ya EFD. Na hilo liandikwe kwenye barua ya utambulisho anayoionyesha kwa mdaiwa, kwamba haruhusiwi kupokea fedha mkononi. Anayekataa sharti hili usibishane naye, mkaribishe chai aende zake.

Ile 400,000 ya faili nayo hapana. Anayeamini uwezo wake anakula kwenye alichokusanya. Gharama inayoeleweka ni nauli ya safari fulani mliyokubaliana kabla, kama ya Tunduma, na iwe na kikomo.

Kuhusu asilimia. Deni changa na lenye karatasi linatakiwa kuwa na kamisheni ndogo, deni la miaka na mtu aliyehama linakuwa na kubwa, ndivyo kazi hii inavyokwenda kila mahali, kwahiyo mtu anayekuja na 30 moja kwa wote 27 anakukata. Piga hesabu: 30 ya mkandarasi peke yake ni 1,860,000. Tuseme kwenye saruji na bati unapata faida ya asilimia 5, faida yako kwenye mzigo wote ule ilikuwa kama 310,000. Yaani anachukua faida yote na bado anakata mtaji wako milioni moja na nusu. Bado 4,340,000 mkononi ni bora kuliko 6,200,000 ya kwenye karatasi, sikatai, ila hiyo ni njia ya mwisho baada ya barua ya wakili kushindikana, na hapo jadiliana, anza na 10, ukifika 15 umejitahidi. Na usije ukamwongezea mdaiwa kamisheni juu ya deni kama hamkukubaliana hivyo tangu siku ya kuchukua mzigo, anadaiwa 6,200,000, ndo hiyo hiyo.

Mambo mengine ya kuweka kwenye mkataba na mkusanyaji ni machache ila usiyaache. Orodha ya majina anayopewa, kiasi na tarehe, ili mteja mwingine akija kulipa dukani kwa hiari yake jamaa asidai kamisheni. Muda, siku 60 au 90, ikipita unalirudisha deni kwako bila malipo. Haruhusiwi kumpunguzia mdaiwa hata shilingi bila ruhusa yako ya maandishi, maana wapo wanaosema "nipe nusu tumalize" wachukue chao haraka. Ripoti kila wiki, kamfikia nani, kajibu nini. Na mwenendo, hili liandike kwa herufi kubwa kabisa: hafuati mtu msibani, kanisani, msikitini, shuleni kwa watoto, haongei na majirani wala ndugu kuhusu deni, hatumi picha ya mtu kwenye magrupu ya wasapu. Mnaishi mji mmoja dada, Mafinga sio kubwa. Mtu uliyemwaibisha msibani hatakulipa, ataenda kueleza ukoo mzima, na ukoo mzima unanunua bati.

Halafu kuna suala la taarifa za watu. Daftari lako lina majina, namba za simu, pengine namba za NIDA. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi na kuna Tume yake, sio ruhusa tena kumgawia mtu taarifa za wateja kama unagawa njugu. Mpe za mdaiwa unayemkabidhi tu, zile zinazohitajika kwa kazi hiyo, na mwandikiane kwamba hazitumii kwa kingine na akimaliza anarudisha. Unakumbuka zile programu za mikopo kwenye simu zilivyokuwa zinatuma meseji za matusi kwa kila namba iliyo kwenye simu ya mkopaji? Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na malalamiko ya watu kudhalilishwa kwa njia hiyo yalikuwa mengi sana. Usiruhusu jina la duka lako liingie kwenye aina hiyo ya kazi. Matusi na vitisho kwa simu vinaangukia pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Jinsi ya kumkagua mtu haichukui hata nusu siku. Kampuni imesajiliwa BRELA, kwa msajili wa kampuni? Ina TIN, leseni ya biashara, ofisi unayoweza kwenda ukakuta mtu? Omba majina ya wafanyabiashara wawili aliowakusanyia, uwapigie wewe. Wakili naye usimchukue kwa sababu ana tai na begi, vishoka wamejaa nje ya mahakama, angalia jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni ya mwaka huu. Iringa na Mbeya zote zina Mahakama Kuu kwahiyo mawakili wako wengi, huna haja ya kuagiza mtu Dar.

Kabla hujamlipa yeyote, fanya hili wiki hii, halina gharama. Mwandikie mkandarasi barua fupi yako mwenyewe, mfano: "Kumbukumbu zetu zinaonyesha unadaiwa shilingi 6,200,000 kwa vifaa ulivyochukua kati ya tarehe fulani na fulani, orodha imeambatanishwa. Tunaomba ulipe au ufike dukani tukubaliane ratiba ya malipo ya maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo deni litakabidhiwa kwa wakili bila taarifa nyingine." Hakuna tusi, hakuna kuhubiri, na siku 14 ziwe 14 kweli, ya 15 uwe kwa wakili. Apokee kwa kusaini, akikataa kusaini peleka ukiwa na shahidi, hata mwenyekiti wa mtaa. Mtu aliyezoea simu zako za kulalamika akiona karatasi yenye tarehe anaelewa kuna kitu kimebadilika.

Akija dukani kuomba apewe muda, mpe, ila asaini karatasi ya kukiri deni na ratiba. Hii saini ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Deni la mkataba kama hili lina miaka 6 ya kulishtakia, ukichelewa mahakama inakufungia mlango, lakini mdaiwa akikiri kwa maandishi na kusaini, au akilipa hata sehemu, kabla miaka hiyo haijaisha, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Pia inaua ule ubishi wa "mimi nilichukua mifuko 80 sio 110." Kwa wale wadogo 24 nao, kila atakayepunguza hata elfu ishirini muandikie na asaini salio.

Na tunza kumbukumbu ya kila ulichofanya, simu, barua, safari. Kama hesabu zako zinaandaliwa kwa TRA kwa faida na hasara na sio kwa makadirio ya mauzo, deni lililoshindikana linaweza kuondolewa kwenye mapato, ila lazima uonyeshe ulichukua hatua zote za maana kulifuatilia. Mhasibu wako anaijua hii.

Yule mgeni ukitaka mwambie una kazi moja tu ya majaribio, ya Tunduma, asilimia 30 baada ya hela kuingia kwenye lipa namba yako, siku 60, bila kutanguliza kitu. Akikubali na karatasi zake za BRELA zikawa safi, mjaribu. Ya mkandarasi barua iende Jumatatu, na ile LPO ya shule itafute leo leo kwenye mafaili, usipoiona niandikie tena nikuelekeze cha kuomba shuleni.